Nilivyojibu "Huji?" kwa Kijapani

Kwa miaka mingi niliwadanganya watu wa Ngamiani kuhusu maneno ya magari yao. Nalisema hili mwanzoni kabisa, nyinyi vijana mnaonijia barazani na simu zenu mkitaka niwaanzishie Kijapani, ili mjue mnamwendea nani. Mtaani naitwa Mjapani. Jina hilo nilianza kuitwa kabla sijajua herufi hata moja ya lugha hiyo, na nililipokea kama vile ni haki yangu.

Nilikuwa fundi umeme wa magari. Gari likizima taa, likipoteza honi, au likiwaka kila kitu isipokuwa kile unachokitaka, ndipo nilipoitwa mimi. Sasa magari yalipoanza kumiminika kutoka Japani, yale yaliyokwisha kutumika kwao, yalikuja na tabia moja: yanasema. Unawasha, sauti ya binti mpole inatoka kwenye dashibodi, inatoa sentensi moja ndefu, kisha inanyamaza. Wenye magari walitaka kujua binti yule anasema nini. Aulizwe nani kama si fundi? Na fundi gani atasema sijui mbele ya mteja?

Basi nikawa namtungia binti maneno. Mwenye duka nilimwambia anatakiwa mauzo mema. Dereva wa teksi nilimwambia anakumbushwa kufunga mkanda. Haji mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, nilimwambia gari linasema Mwenyezi Mungu akulinde safarini. Haji alifurahi mno. Tangu siku hiyo akiwasha gari humngoja binti amalize, kisha huitikia "Amin", na aliowapakia nao huitikia.

Siku moja Haji alileta gari lile gerejini kwangu. Kwenye benchi alikuwa ameketi mzee wa Kijapani, mwembamba, kofia ya kitambaa kichwani, akingoja nimtengenezee honi ya pikapu yake. Gari likasema maneno yake, Haji akaitikia. Yule mzee akageuka, akamwuliza kwa Kiswahili kizuri tu, "Samahani Haji, unaitikia nini?" Haji akamweleza. Mzee akainama, mabega yakawa yanamtikisika, akatoa leso akajifuta macho.

"Inasema kadi ya kulipia barabara haijachomekwa," akasema.

Nilijitia kutafuta bisibisi chini ya benchi. Haji alinitazama, akalitazama gari, akanitazama tena. "Hata kama," akasema, "dua haipotei." Akaondoka, na mpaka alipouza gari lile hakuacha kuitikia.

Mzee yule ndiye aliyekuja kuwa mwalimu wangu. Aliitwa Morita. Alikuwa mhandisi wa pampu za maji, na miaka ya nyuma yeye na mkewe waliishi huku kwa kazi ya maji ya vijiji vya upande wa Amani. Kazi ikaisha, wakarudi kwao, mkewe akafariki. Yeye akastaafu, akarudi Tanga peke yake, akapanga nyumba ndogo ya uani kule Raskazone. Ukimwuliza kwa nini, alikujibu kwamba huku amezoea, na hakuongeza.

Hakunisema kwa ule uongo wangu. Alikuja hadi kwenye gari nililokuwa nimelifungua, akaweka kidole kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi, pale palipoandikwa vijineno vidogo vidogo. "Hapa unasomaje?" akaniuliza.

Nikamwambia kweli. Sisomi. Nachomoa fyuzi moja moja mpaka niipate iliyoungua.

"Basi tuanzie hapa," akasema.

Nyinyi mnaotaka kuanza, sikilizeni hapa vizuri. Vitabu vingi vitawaanzisha na herufi za mviringo, zile za hiragana, na ni sawa. Mimi nilianzishwa na katakana, zenye pembe pembe, kwa sababu ndizo zilizokuwa kwenye kifuniko. Hizo huandikia maneno waliyoyachukua kwa wageni. Alinipa herufi tano kwa siku, si zaidi, na nilizichora kwa chaki kwenye sakafu ya gereji. Siku nilipopata za kutosha nikashika kifuniko cha fyuzi, kidole kikatambaa herufi kwa herufi: wa, i, paa. Nikarudia. Waipaa. Nikashuka mstari wa pili: hoon. Wa tatu: bureeki. Wa nne: hyuuzu. Waipa, honi, breki, fyuzi. Nilicheka peke yangu hadi mwenye gari akadhani nimepigwa shoti. Kumbe wale na sisi tuna tabia moja. Neno la Mzungu likikatika ghafla mwishoni, hatutulii mpaka tumelipachika vokali. Hata jina langu, Athumani, Mzee Morita alilitamka Asumani tangu siku ya kwanza bila kuuma ulimi.

Siku ile nilivuta fyuzi moja tu, ile niliyoisoma, na waipa zikapiga. Nimetengeneza magari mengi makubwa kuliko lile, lakini furaha ile sikuipata tena. Kwa hiyo kama kazi yako ni magari, anzia kwenye kifuniko cha fyuzi. Kama unauza dukani, anzia kwenye pakiti. Anzia kwenye kitu ambacho ukikisoma vibaya kitakuumbua siku hiyo hiyo.

Daftari langu la kwanza nililijaza Kijapani kwa herufi zetu hizi, nikampelekea kwa majivuno. Akalipekua lote. "Daftari zuri," akasema, akalifunga. "Sasa anza jingine." Msipoteze muda kama nilivyopoteza mimi. Herufi za kwao zinatisha wiki mbili tu.

Halafu kuna vokali ndefu. Hizo zilinivua nguo mbele za watu. Binti yake, Bi Keiko, alikuja kumtembelea. Mama mtu mzima kiasi, nadhifu, anayekaribia umri wangu. Nilikuwa nimejifunza kwamba obasan ni shangazi au mama mdogo, na obaasan, ukiivuta ile a, ni bibi. Sasa mimi ni mtu wa pwani. Mwanamke nikimheshimu namwita bibi, na kadiri ninavyomheshimu ndivyo ninavyolivuta. Nikasimama mlangoni, nikainama kama nilivyofundishwa, nikamwita obaasan kwa a ndefu ya kufika Pongwe. Bi Keiko akaganda na kikombe mkononi. Mzee Morita akawahi kuingilia kati kwa maneno mengi ya haraka. Baadaye akanieleza kwamba kwao ukimwongezea mwanamke miaka hujampandisha cheo. Nilitaka kumwomba radhi siku hiyo hiyo, sikujua neno, nikabaki kuinamainama mlangoni mpaka mgongo ukauma.

Na kuna mnyama mmoja wa misitu ya kwao, mkubwa, mwenye manyoya, anapenda asali. Jina lake mtalikuta katika somo la wanyama. Msilisome kwa sauti mbele ya wakwe zenu. Mimi nililisoma kwa nguvu gerejini, akina mama wawili wanapita na vikapu vya sokoni, na ilibidi nitume mtu nyumbani kwao kueleza.

Lakini kulikuwa na vitu vilivyonipa moyo. Tuna neno letu, "pole na kazi". Wazungu ukiwatafsiria wanashangaa, wanauliza kwani umenikosea nini. Mzee Morita alilipenda neno hilo kuliko yote. Alisema kwao jioni watu wa ofisi moja hawaachani bila kuambiana hivyo hivyo, na akanifundisha la kwao, otsukaresama. Alisema alipolisikia la kwetu mara ya kwanza, kijijini, kwa mwanamke aliyejitwisha maji, alijua ataweza kuishi huku.

Aliniambia zaidi ya mara moja, akiniwekea ile san yao ya heshima, "Asumani-san, kwa nini unapitia kwenye Kiingereza? Kiswahili kiko karibu zaidi."

Nilidhani ananifanyia adabu. Nilikuwa na kitabu cha Kijapani kilichoandikwa kwa Kiingereza, kinene, na nilipenda watu wakione kwenye benchi langu. Kiingereza chenyewe nilikipata kwa fimbo. Mwalimu wetu alikuwa anatuuliza kwa Kiingereza, "Huji kesho?" Mtoto akijibu "Ndiyo, siji", kama tujibuvyo nyumbani, anaitwa mbele. Kwa Kiingereza kama huji ni lazima useme hapana. Hapana, siji. Nilichapwa kwa jibu hilo mpaka likaingia mwilini, likakaa humo kwa miaka yote, likingoja siku ya kuniponza.

Na hapo niseme jingine ambalo silipendi. Mzee Morita Kiswahili alikijua. Tungeweza kuzungumza kila kitu kwa Kiswahili na tukaelewana. Mimi ndiye niliyeweka sharti kwamba kwenye simu tutumie Kijapani tu. Nilipenda simu ilie nikiwa gerejini, watu wamekaa, nami nipokee kwa moshi moshi, haloo ya kwao. Kimya kinachotanda hapo, kila mtu akikuangalia mdomo, ni kitamu, na sitawaficha kwamba nilikizoea.

Moyo wake ulianza kumsumbua. Bi Keiko akamtaka arudi nyumbani kwa matibabu, tikiti ikakatwa, akawa wa kuondoka Jumatatu kwenda Dar es Salaam na kupanda ndege. Wiki ya mwisho alikuja gerejini akakaa kwenye benchi lake. Akaniambia anataka kwenda Amani Jumamosi, mara moja tu, kutwa. Kule kuna yale maua madogo ya zambarau yanayoota kwenye mawe yenye maji, na mkewe alikuwa akikaa nayo saa nzima akiyachora. Daktari alimkataza kuendesha gari. "Twende wawili," akasema. "Wewe uendeshe. Chakula nitafunga mimi."

Nikamwambia inshallah, tutakwenda. Nilikusudia kwenda, Mungu ni shahidi wangu.

Alhamisi akaja tajiri mmoja wa duka la vitambaa na gari jipya limetoka bandarini. Skrini yake yote ilikuwa Kijapani. Alikuwa na harusi Jumapili, maharusi watapanda gari lile, alitaka skrini iwe ya Kiingereza. Akasema mbele ya watu, "Nimeambiwa mjini hapa kuna Mjapani mmoja tu." Kichwa kikanivimba. Skrini zile nyingi hazibadiliki, ndivyo zilivyotengenezwa, na nusu yangu ilijua hivyo. Nusu nyingine ikasema Jumamosi nitashinda nalo, nitalipata.

Ijumaa baada ya swala Mzee Morita akanipigia simu. Watu walikuwepo barazani. Nikapokea kwa moshi moshi yangu, nikasema Jumamosi kuna kazi, halafu sentensi nikaiacha ikining'inia bila kuimaliza, kwa sababu nilishaona wenyewe hufanya hivyo wakiwa na jambo zito. Akaniuliza taratibu, neno kwa neno ili nisipotee:

"Konai n desu ka?"

Yaani, huji? Nilielewa vizuri sana. Nikajibu, "Iie." Hapana. Nikimaanisha hapana, siji.

"Aa, yokatta," akasema. Neno hilo nililijua, kitabu kilisema maana yake ni vizuri. Nikadhani amenijibu kwamba vizuri, hakuna tabu. Nikakata simu nikiwa mtu wa kuridhika, mazungumzo kamili yamekwisha bila neno hata moja la Kiswahili, na mmoja wa waliokuwepo akatikisa kichwa akasema, "Wallahi huyu mtu."

Jumamosi nilishinda chini ya dashibodi ya tajiri. Simu niliiacha nyumbani. Skrini haikubadilika.

Jumapili nikaenda Raskazone kumuaga. Alikuwa amefunga mizigo, sanduku moja tu na boksi la michoro ya mkewe. Dirishani palikuwa na vikopo viwili vya chakula vimeoshwa na kufunikizwa, vile vyao vya mfuniko wa kubana. Niliviona na havikuniambia kitu. Akanikaribisha chai. Nilitegemea atataja habari za Amani, nami nilishajiandalia la kusema, lakini hakutaja. Alinitazama mikono, ilikuwa imechubuka, akasema, "Pole na kazi, Asumani-san. Ilikwisha?"

"Ilikwisha," nikamwambia, na haikuwa kweli.

"Vizuri." Akanisahihishia daftari langu mara ya mwisho kwa penseli nyekundu, ukurasa mzima, bila haraka. Jumatatu akaondoka. Mwanzoni aliniandikia ujumbe mfupi mfupi, halafu ukapungua, halafu namba yake ikawa haipatikani. Mimi moyoni niliona kama amepoa kwangu. Nikajiambia, watu wakifika kwao hutusahau. Nililisema hilo hata kwa wengine, kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa.

Ilipita miaka. Macho yakaanza kunisaliti, waya mwekundu na wa kahawia ikawa kwangu ni mmoja, nikaacha kazi kabla sijachoma gari la mtu. Ndipo Mwanaidi, binti wa mdogo wangu, akaja na simu yake. Anashughulika na karatasi za magari yanayoingia bandarini, na akaona Kijapani kitamsaidia. Tukawa tunakaa barazani alasiri, yeye anasoma kwenye simu, mimi najifanya mwalimu. Anajifunza haraka kuliko nilivyojifunza mimi kwa sababu haoni haya kusema sijui.

Siku hiyo alikuwa kwenye somo la maswali ya kukana. Akatabasamu. "Baba mkubwa, hili rahisi, ni kama letu. Hapa yasema ukiulizwa huji, na kweli huji, unajibu hai. Ndiyo, siji. Ukijibu iie, yaani unakataa kwamba huji. Maana yake unakuja."

Nikamwambia asome tena.

Akasoma. "Wazungu ndo huwashinda hapa," akasema. "Sie hatuna shida. We mtu ukimuuliza hujala, si akwambia eee, bado?"

"Na yokatta?" nikamwuliza. "Tafuta yokatta."

Akatafuta. "Ni ahueni, baba mkubwa. Mtu alikuwa na wasiwasi, sasa umemtoka. Kama kusema afadhali." Akaniangalia. "Vipi, waumwa?"

Nikamwambia sijambo. Nilikuwa nimekaa na mikono magotini. Huji? Ninakuja. Ah, afadhali. Hivyo ndivyo tulivyozungumza siku ile, na barazani wakanisifu.

Kesho yake nilimtafuta Bi Zubeda, aliyekuwa akimpikia na kumfulia mzee kule Raskazone. Siku hizi anauza vitumbua Ngamiani, si mbali na kwangu, na miaka yote hiyo nilikuwa nikinunua kwake na kumsalimu bila kumwuliza lolote. Nikamwuliza ile Jumamosi.

"Kwani hukujua?" akasema. "Babu kakaa pale mlangoni tangu saa moja ya asubuhi, kofia kichwani. Kafunga wali na samaki kwenye vile vikopo vyake, chake na chako. Nikamwambia babu, ita teksi wende zako, jua lapanda. Aniambia, Asumani kasema yuaja, nikiondoka tutapishana. Namwambia basi mpigie. Hataki. Ati mtu alo njiani hapigiwi simu, ataona asukumwa. Hata ikaadhiniwa alasiri. Ndo kavua viatu kaingia ndani. Chakula kanipa mie nikawapelekee watoto."

"Mbona hukunambia, Bi Zubeda? Miaka yote hii."

"Kanikataza. Kasema una kazi." Akageuza vitumbua vyake. "Nami n'kadhani wajua. N'kakuona mtu mbaya kidogo, nisamehe."

Sikuwa na la kumsamehe. Namba ya Bi Keiko alikuwa nayo, imeandikwa nyuma ya picha ambayo mzee alimwachia. Nikaichukua.

Nilijiandaa siku tatu na Mwanaidi. Alinisahihisha kila vokali. Siku ya nne tukapiga simu, ya kuonana sura, na Bi Keiko akapokea. Nikamwambia mimi ni Asumani wa Tanga. Akacheka, akaniambia anamkumbuka mtu aliyemwita bibi. Halafu akaacha kucheka, akasema baba yake yuko nyumba ya kutunzia wazee, yeye ndiyo kwanza amefika kumwona, hazungumzi sana sasa, ila anasikia. Akamwelekezea simu. Nilimwona. Alikuwa amekuwa mdogo, mto mkubwa kuliko yeye, na alinitazama kwa makini kama aliponipa herufi za kwanza.

Nikamwambia nilivyofundishwa: ile Jumamosi, ya Amani, nisamehe, nilikosea jibu. Sijui kama alipata yote. Kisha nikauliza swali nililolipanga.

"Sensei, okotte imasen ka?"

Mwalimu, hujanikasirikia?

Akafumba macho, akayafumbua. "Hai," akasema.

Bi Keiko akachukua simu, akasema amechoka, asante sana, asante sana.

Mwanaidi alifurahi. Akanishika bega, akasema, "Umesikia? Ndiyo, sijakasirika." Na ndivyo kitabu kinavyosema. Lakini nilikuwa nimekaa na mzee yule miaka, na najua kwamba kwao neno hilo hilo mtu hulisema pia kumwonyesha mwenzake kwamba anamsikia. Unaeleza, yeye hai, unaeleza, yeye hai, na wala hajakubali neno lako. Sikujua ile yake ilikuwa ipi. Sijui mpaka leo.

Ningeweza kumwuliza wazi, umenisamehe? Swali la mtoto, la ukurasa wa mwanzo. Au ningeuliza kwa Kiswahili, lugha aliyokuwa ananisihi nianzie. Nikachagua swali la kukana kwa sababu nilitaka asikie kwamba sasa nimelijua. Hata pale, kitandani kwake, nilitaka kuonekana hodari. Kosa la Ijumaa ile ningeweza kumtwika mwalimu wangu wa Kiingereza na fimbo yake. La siku hii ni langu peke yangu, na ndilo linaloniamsha. Na hata lile la Ijumaa, nikilitazama vizuri, neno halikuwa na kosa kubwa kama langu la kuacha kwenda. Ningejibu sawasawa, mzee angeshinda Jumamosi ile bila kungoja, lakini maua yale asingeyaona vilevile.

Kwa hiyo mkija kwangu nitawafundisha, katakana kwanza, herufi tano kwa siku. Ila nitawauliza kila mara kama mmeelewa, na anayesema sijaelewa nitampenda zaidi. Msione haya kumwambia mtu: subiri, tulirudie hili kwa Kiswahili.

Nilipanga kupiga simu tena baada ya Ramadhani, nimwulize vizuri. Bi Keiko akanitangulia. Alipiga asubuhi, mimi niko sebuleni, Mama Saidi, mke wangu, yuko mlangoni anapepeta mchele. Sauti yake ilikuwa ya taratibu, neno kwa neno ili nisipotee, kama alivyokuwa akifanya baba yake. Akaniambia, "Chichi wa nakunarimashita." Baba ametutoka. Nilielewa mara ya kwanza, halikuhitaji kurudiwa. Nilitafuta neno la kumpa pole, nalijua, nililijua, lilikuwa limeandikwa kwenye daftari alilonisahihishia kwa penseli nyekundu, na halikuja. Likaja moja tu.

"Hai," nikasema. "Hai. Hai."

Mama Saidi akainua uso, ungo ukatulia mikononi.

"Yu hai?" akasema. "Alhamdulillahi. Nami nilikuwa na hofu."

Akarudi kwenye mchele wake, uso umemkunjuka. Sikuweza kumwambia mpaka tulipokwisha kula.